Kauli Uliyokataa Kuifuta

Mjomba wangu, Baba Zuhura,

Shikamoo. Nianze na jambo ambalo nchi hii imechelewa kulijua: hakuna mtu aliyewahi kuchangia bungeni vizuri kama mimi, na Dodoma sijafika hata siku moja. Kidato cha pili nilikiacha katikati, hesabu zilinishinda na Kiingereza kilinikimbia, lakini maneno yangu yamo kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge, na mawaziri wamesimama na miwani yao kuyajibu. Wewe ulikuwa unayasoma tu. Umevaa koti, umenyoa ndevu, unayasoma. Usinune huko uliko. Kutania wakubwa nilijifunza kwako.

Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu ya neno nililolisikia juzi sokoni Newala. Yule fundi cherehani aliyehamia kutoka Iringa, ambaye hata hakuwahi kukupigia kura, alikuwa anakusifu. "Yule mzee alikuwa mpinzani anayejua kusema," akawaambia wateja wake. "Hatukani mtu, na waziri anatoka jasho. Dosari yake moja tu, alilidanganya Bunge kwenye ile habari ya pampu." Watu wakaitikia kwamba ni kweli, binadamu hakosi dosari. Nami, ambaye mdomo wangu unajulikana kutoka Newala mpaka Masasi, nikanywa chai yangu nikanyamaza. Umekufa, mjomba, na bado wanakuita mwongo kwa upole, na mwenye kujua ukweli amekaa kwenye benchi anapuliza chai.

Basi subiri, nitafika huko. Kwanza nataka tukumbuke Bunge la Bibi.

Kabla ya kila mkutano ulikuwa unakuja Mnyambe kwa mama yako kufanya mazoezi. Bibi anakaa kwenye mkeka anamenya ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, ana kijiko na mfuniko wa sufuria, yeye ndiye Spika. Mimi ni serikali yote. Unasimama mbele ya mlango, unafunga kifungo cha koti kwenye lile joto, unaanza, "Mheshimiwa Spika."

"Marahaba," anajibu Bibi.

"Mama, sijakuamkia."

"Umeniita mheshimiwa. Ulitaka nikae kimya kama sina adabu?"

Unaendelea, nami nasimama, "Taarifa, Mheshimiwa Spika." Unasema taarifa huipokei. Bibi anakutazama. "Mpokee mwenzio, amesimama muda mrefu, miguu yake itamuuma." Mara anagonga mfuniko. Unalalamika kwamba dakika tano hazijaisha. "Dakika sizijui," anasema, "maji ya kupikia ndiyo yameisha. Mmoja wenu abebe ndoo, Bunge limeahirishwa." Na kweli, Mheshimiwa mbunge wa upinzani, mtu aliyetetemesha wizara, ulikuwa unavua koti na kwenda kuteremsha ndoo kwenye kisima cha maji ya mvua nyuma ya nyumba, unachungulia ndani na kusema, "Mama, hapa tunakunywa matope."

Pale ndipo michango yako ilipokuwa inatoka. Wengine walikwenda bungeni na makabrasha. Wewe ulikwenda na ming'oko iliyochemshwa, umeifunga kwenye gazeti ndani ya mkoba, ukidhani sijui, na daftari langu la shule ambalo kurasa za mbele zina hesabu nilizokosa.

Lile daftari ndilo lililonipa ubunge wangu. Uliniambia, "Mimi nikiwa kule, wewe ndiye miguu yangu huku. Usiniletee la kusikia. Niletee la kuona." Watu wa mbali watashangaa, lakini kwetu mtoto ni wa mjomba wake. Wewe ndiye uliyenipeleka jandoni, wewe ndiye ungesimama siku ya mahari yangu. Na mpwa akitumwa, aliyekwenda ni mjomba. Hakuna anayemuuliza mjomba, "Una hakika mpwa wako alifika?" Ni kama kumuuliza kama anaujua mkono wake.

Nikazunguka na pikipiki. Niliandika foleni za ndoo. Niliandika habari za akina mama wanaoteremka ukingo wa uwanda wetu kwenda kuchota maji bondeni, jinsi wanavyopanda wakiwa wamenyamaza wote kwa sababu kuongea kunamaliza pumzi. Niliandika kuhusu mwalimu mmoja mgeni, katoka kanda ya ziwa, aliyeniambia, "Dogo, kwetu nilikuwa naoga ziwani. Hapa naoga kwa kikombe, na nimejifunza kuanzia na uso ili nikiishiwa niwe nimefanana na mtu." Niliandika dawa ya salfa ilivyofika Masasi wakati maua ya mikorosho yameshaungua kwa ukungu.

Ukavisema vyote. Siku ya lile neno lako la dumu nilikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, redio iko juu ya kabati. Nikasikia sauti yako: "Mheshimiwa Spika, nyumbani kwetu mgeni akiingia tunamkaribisha kwa moyo wote, lakini jicho letu linatazama kama amekuja na dumu." Meza zikapigwa, hata za upande wa pili. Nikawaambia waliokuwa pale, hilo nimeliandika mimi. Wakacheka. Kinyozi akasema, "Kaa sawa, Mheshimiwa, nisije nikakukata sikio." Nilitoka pale natembea kama nimevaa joho.

Ulipokuwa unarudi ulikuwa unaniuliza, "Lipi limekukaa vizuri?" Hukuniuliza kama mtoto. Ulikuwa unangoja jibu. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kungoja jibu langu, mjomba. Shuleni waliuliza wakajibu wenyewe.

Sasa pampu. Ilikuwa msimu wa mabibo, mkutano wa Novemba, ule wa kujadili mpango wa mwaka unaofuata. Swali lako kubwa la maji ya huku juu, lile la kujenga bomba la pili, lilikuwa limepangwa kuulizwa wiki ya pili. Ulilingojea tangu uapishwe. Lakini kwanza ulipata dakika za kuchangia, ukanipigia simu: nenda bondeni, kwenye kile kijiji wenyewe wanakijua, kaangalie ile pampu ambayo serikali inasema imetengenezwa. Jioni ileile nikakupigia. "Imekufa, mjomba. Nimeiona kwa macho yangu. Kuna mbuzi amefungwa kwenye mpini wake." Hukuniuliza mara mbili. Ulimcheka yule mbuzi mpaka ukakohoa.

Ukasimama bungeni ukasema, "Mheshimiwa Spika, pampu ile nimefika. Imekufa, kazi yake sasa ni kufungia mbuzi." Watu wakacheka. Naibu Waziri akainuka taratibu, ana picha mkononi. Pampu inatoa maji, watoto wamezunguka wanalowa, mwenyekiti wa kijiji amesimama pembeni, na ilikuwa imetengenezwa tangu mwezi uliotangulia. Akauliza mheshimiwa amefika lini, wakati wiki nzima wako naye Dodoma.

Ukajibu jibu ambalo kwetu ni sawasawa na kule ni kichekesho. "Amefika mpwa wangu. Miguu yake ni miguu yangu."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Spika hakukuonea, hilo lazima niseme. Alikubembeleza. "Mheshimiwa, futa tu hiyo kauli, uendelee na mchango wako, ni mzuri." Ukasema hutaifuta. Akakupa nafasi ya pili. Ya tatu akaileta kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayemtoa mtoto juu ya mti. "Mheshimiwa Spika, siwezi." Ukatolewa nje, ukazuiwa kuingia vikao vyote vilivyobaki.

Wiki ya pili swali lako likaitwa. Mwenzako wa upinzani akasimama kuliuliza kwa niaba yako. Akajibiwa kwamba fedha zikipatikana mradi utafikiriwa, akaulizwa kama ana swali la nyongeza, akasema hana. Angekuwa nalo vipi? Swali la nyongeza lilikuwa kichwani mwako, na kichwa chako kilikuwa nje ya geti. Huku juu bado tunachota kule kule.

Nilikuja kukupokea Masasi stendi. Ulishuka na mkoba wako, umechoka, koti limekunjamana. Nilikuwa nimejiandaa na utani wa kila aina, ukaniishia mdomoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Ulifika?"

"Nilifika, mjomba. Ile picha watakuwa wameitengeneza."

"Basi," ukasema, ukapanda nyuma ya pikipiki.

Ulitaka tuzunguke Lulindi ukamsalimie mwalimu wako wa zamani. Mimi nilibaki nje kukaza mnyororo ambao haukuwa umelegea, kwa sababu nilitaka kusikia. Mzee wa watu akakuambia, "Mwanangu, ungefuta tu. Neno moja. Ungebaki ndani, ungeuliza swali lako." Kisha ukasema, "Mwalimu, nikiifuta ile kauli nimemfuta kijana. Nani atamwamini tena maisha yake yote? Ana mdomo, lakini hajawahi kunidanganya."

Nilikaza ule mnyororo mpaka karibu ukatike. Kutoka pale mpaka Newala uliniegemea mgongoni, umeshika jaketi langu, na kwenye kona ulikuwa unalala kidogo. Barabara nzima nilikuwa na nafasi ya kusema.

Uchaguzi uliofuata hukurudi. Kwenye mikutano ya washindani wako walikuwa wanainua miguu juu na kuuliza hii ni ya nani, nawe ulikuwa unacheka nao. Kisha maradhi yakaja. Mwaka ule wa mwisho ulipenda nikae kando ya kitanda nikusomee michango yako, na nilikuwa nasoma kwa mbwembwe, naiga sauti ya kila mbunge, nagonga ukuta mahali pa makofi. Tulipofika ukurasa wa pampu ulinyoosha mkono ukaufunika. "Ruka hapo," ukasema. "Koo lako limekauka. Kanywe maji kwanza." Nikanywa. Niliporudi ulikuwa umeshafungua mbele. Mpaka leo sijui kama ulikuwa unajua. Mara nyingine naona ulijua tangu stendi ya Masasi, ukaamua kubeba wewe, kwa kuwa ndivyo mjomba anavyofanya. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kama hukujua.

Zuhura hajambo. Amepata mtoto, ana kipaji chako cha kukunja uso. Bibi bado anauliza kila akisikia redio kama anayezungumza ni wewe, tunamwambia ndiyo, anasema umezidi kuharakisha maneno. Lala salama, mjomba. Nakupenda, ingawa ulikuwa unaendesha mazungumzo ya kila siku kama una dakika tano.

Na ninyi mnaosoma, yule fundi wa sokoni akiwemo: mjomba wangu hakulidanganya Bunge. Alisema alichoambiwa na mtu aliyemwamini kuliko picha. Mtu huyo siku ile alifika ukingoni, akatazama njia inavyoteremka, akaona jua. Chini ya mikorosho kulikuwa na watu wanakunywa uraka wa mabibo mapya, wakamwita. Akawauliza habari za pampu, mmoja akasema hiyo ilishakufa zamani, mwingine akatia chumvi ya mbuzi, wote wakacheka, naye akacheka, akaandika kwenye daftari, "Nimeiona."

Sikushuka, mjomba. Bondeni sikufika.

Mpwa wako