Mtegemezi wa Tatu

Jumatatu, 8 Juni
Nimeingiza fomu za kodi za wafanyakazi wote wa tawi letu la Handeni. Yangu ya mwisho. Wategemezi wawili: binti yangu Zaina, na mama mkwe ambaye hatembei tena. Disketi imeondoka na basi la mchana kwenda makao makuu ya kampuni, Korogwe. Vumbi limeingia hadi kwenye kibodi.

Alhamisi, 11 Juni
Fomu yangu imerudi. Idadi ya wategemezi hailingani. Kompyuta ya Korogwe inaona watatu. Nafuu ya matunzo imesimamishwa, na ndiyo inayomlipa jirani yetu Mama Asha akae na mama mkwe nikiwa kazini. Nimetuma upya.

Jumatatu, 15 Juni
Imerudi tena. Safari hii wamechapa majina. La tatu: Mhina Salehe. Tarehe ya kuzaliwa ile ile ya Zaina. Hali: hai.

Nimefunga mlango wa ofisi.

Zaina alizaliwa na pacha wa kiume. Yeye hakulia. Alizikwa makaburi ya Kwamndolwa kabla sijaweza kusimama. Hakupewa jina. Mhina ni jina nililokuwa naliita tumbo langu. Sikumwambia mtu. Hata mume wangu Salehe, Mungu amrehemu.

Jumanne, 16 Juni
Nimelifuta. Nimezima mashine, nimewasha. Halipo. Nimetuma.

Jioni Zaina ameandaa sahani nne. Tuko watatu. Nimemfokea. Anasema kakosea tu. Naogopa.

Ijumaa, 19 Juni
Limerudi. Mhina Salehe, miaka tisa, hai.

Nimemwambia mama mkwe. Hakushtuka.

"Mtoto aliyezikwa bila jina hupita akilitafuta."

"Lakini huyu analo, mama."

Akavuta shuka, akageukia ukutani. Bila ile nafuu, Mama Asha atakaa mpaka mwisho wa mwezi tu.

Jumatatu, 22 Juni
Korogwe. Karani wa masjala, Bwana Shemdoe, amenisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, wenye kampuni wapya waliagiza majalada yote ya zamani yaingizwe kwenye kompyuta, na watoto wa mfanyakazi marehemu wahamishiwe kwa mjane wake. Ukimfuta huko Handeni, mashine ya huku inamrudisha."

Akaleta jalada la Salehe, aliyekuwa fundi wa kiwanda hapa. Fomu ya mwaka aliozaliwa Zaina. Mwandiko wake, ule unaolalia kushoto. Watoto: Mhina. Zaina. Ameisaini siku tatu baada ya maziko.

Kwa hiyo alinisikia. Miezi yote ile nikinong'ona, nikidhani amelala. Na alimzika kwa mikono yake, kisha akamwandika na walio hai. Kwa nini? Hakuna wa kumuuliza.

"Sasa nimfute?"

"Hafutwi, dada. Andika tarehe aliyofariki, usaini."

Nimeandika. Nimemkasirikia Salehe njia nzima. Nilipofika Handeni nikalia.

Alhamisi, 25 Juni
Fomu imepokelewa. Mama Asha anabaki.

Jumapili, 28 Juni
Kwamndolwa, mimi na Zaina. Nimemweleza yote. Kaburi limetitia, tumeng'oa majani.

"Nani alitangulia kuzaliwa?"

"Yeye."

Akajifuta mikono kwenye gauni, akachuchumaa.

"Shikamoo, kaka."

Tumekaa pale mpaka jua likaanza kuchoma.