Okidi ya Mama Nasimiyu

Jumatatu, 3 Machi
Ng'ombe nimekama. Mvua hakuna. Mimi ni mzee wa miaka sabini na nane. Nimezika ndugu wanne, nimezika mzungu niliyemlimia hapa Kitale, na hata fahali aliyenivunja mbavu nilimla nyama. Bado nalima.

Mama Nasimiyu, mke wangu, alienda Bungoma Jumamosi kutolewa mtoto wa jicho. Macho yote mawili, moja kwanza, halafu lingine. Atakaa kwa Nasimiyu, binti yetu, mpaka apone. Miaka miwili sasa anaona ukungu tu. Alisema kitu ya kwanza anataka kuona akirudi nyumbani ni okidi yake, ile maua ya zambarau aliyopewa na bibi ya mzungu siku shamba lilifungwa. Ameitunza kuliko alivyonitunza mimi. Akaniachia amri moja. Maji kidogo mara moja kwa wiki, na mkono usiguse.

Sasa mimi nimeangalia. Ina miti mitano na kila mti uko na vifundo. Hii ni miwa, ndogo tu. Na kwa miwa hakuna mtu wa kunishinda. Kabuchai nzima ilikuwa inakuja kwangu kuomba mbegu. Akirudi atakuta okidi kumi.

Jumanne, 4 Machi
Nimekata miti minne kwa panga. Kila kipande vifundo vitatu, vile tunakata mbegu ya miwa. Nimechimba mtaro nyuma ya jiko, nikatia mbolea ya ng'ombe, nikalaza vipande, nikafukia.

Mama yao, ule mti mmoja sikukata, pia nilimwonea huruma. Ati amewekwa kwa makaa na maganda ya miti, bila udongo hata kidogo. Mtu ataishije hivyo? Nimemhamishia kwa debe ya udongo mweusi na mbolea. Maji asubuhi, maji jioni. Kazi safi.

Jumapili, 16 Machi
Hakuna kitu imetoka. Miwa ingekuwa imechungulia. Pengine ni baridi ya udongo.

Alhamisi, 20 Machi
Nasimiyu alipiga simu. Jicho la kwanza limefunguliwa na linaona. Mama amesoma kalenda ya ukutani. Nilifurahi mpaka nikakaa chini. Halafu Mama mwenyewe akachukua simu. Hakuuliza ng'ombe, hakuuliza mimi.

"Baba Nasimiyu, okidi yangu iko?"

Nikasema iko. Imenona.

Baada ya simu nilienda kufukua kipande kimoja. Kimekuwa uji. Kinanuka. Cha pili hivyo hivyo. Nikafukua vyote. Mama yao kwa debe, majani yamekuwa njano na mguu wake ni mweusi.

Naogopa. Yule fahali sikumwogopa hivi.

Jumamosi, 22 Machi
Nimeenda mjini kwa Mama Zubeda, yule anauza miche ya maua karibu na msikiti. Debe nilibeba ndani ya gunia, watu wasione. Nilifikiri kwa vile amefunga Ramadhani atakuwa mpole. Alifungua gunia, akaangalia, akaniangalia.

"Mzee Wanyonyi, hii ulipanda ama ulizika?"

Wanawake wa soko wakacheka. Nikachukua gunia yangu nikarudi. Mimi sifundishwi kupanda na mtu hajawahi shika jembe.

Jumapili, 23 Machi
Ule mti mmoja uliobaki unakuwa mweusi kutoka chini kwenda juu. Jana weusi ulikuwa vidole viwili. Leo vinne. Nimepima.

Nimerudi kwa Mama Zubeda. Hakucheka. Alisema hii si miwa. Kwao inakaa juu ya miti mikubwa, mizizi inakunywa hewa na umande, na udongo unaiziba pumzi. Alichoma kisu kwa moto kwanza, akakata pale bado kijani. Kimebaki kipande urefu wa kidole, vifundo vinne. Kidonda akakipaka mdalasini wa chai. Halafu akakata tena katikati. Nilimwomba asikate. Akakata. Sasa ni viwili.

Jumatatu, 24 Machi
Nimeenda msituni Saboti, vile Mama Zubeda aliniagiza, kutafuta ile manyoya ya kijani inayoota kwa miti ya zamani. Nilipanda juu ya mti mwenyewe, na umri huu. Nimeyalowesha, nikakamua, nikatandika kwa bakuli, nikalaza vipande juu. Juu, si ndani. Mkono ulikuwa unataka kufukia. Nikauzuia. Bakuli iko dirishani kwa jiko, penye joto na kivuli.

Jumatano, 9 Aprili
Kipande kimoja kimekuwa cheusi. Kimebaki kimoja. Jumapili sikuenda kanisani, nilikaa na bakuli.

Jumatatu, 28 Aprili
Nasimiyu amepiga. Jicho la pili limepona. Wanakuja Jumamosi.

Kipande bado ni kijani lakini hakuna kitu kimetoka. Nilikimbia kwa Mama Zubeda. Ako na okidi nyingine ya zambarau, ina maua tayari. Nilitaka ninunue niiweke mahali pa ile. Mama hajaiona vizuri miaka miwili, atajuaje?

Mama Zubeda akaweka chini mkebe wake wa maji.

"Mzee, amepasuliwa macho ndio aone. Wewe unataka kumfunga tena?"

Sikununua. Nilirudi nyumbani vile mtu anaenda akiwa ameitwa na chifu.

Jumamosi, 3 Mei
Wamefika saa tano. Alitembea bila kushikwa mkono. Aliniangalia uso muda mrefu, nikakosa mahali pa kuuweka. Halafu akauliza okidi.

Nilisema yote nikiwa nimesimama mlangoni. Panga. Mtaro. Mbolea. Vile nilidanganya kwa simu. Nikamwonyesha bakuli. Aliichukua. Alikaa nayo juu ya magoti mpaka chakula. Chakula changu nililetewa na Nasimiyu. Mama hata hakutoka jikoni. Kelele yake nimezoea miaka hamsini. Hii kunyamaza sijui inaisha namna gani.

Jumapili, 4 Mei
Manyunyu. Baada ya chai aliniita dirishani. Alishika kidole changu akakisogeza karibu na kifundo cha juu. Ati hapo kuna kitu cha kijani, kidogo kuliko punje ya simsim, na ncha yake imechongoka. Nilivaa miwani. Nikatoa miwani. Mimi naona kifundo tu.

Anasema na mimi macho yangu yaende Bungoma. Sijakubali. Tumekaa hapo, bakuli katikati yetu, hakuna mtu anaongea, lakini si kama jana.

Mtu akibisha kwamba okidi iko hai, asiniulize mimi. Amuulize Mama Nasimiyu. Yeye ndiye ameiona.