Injini Isiyo na Moshi: Kwa Hervé Wetu wa Alby

Ni mwaka mmoja sasa tangu ushuke ngazi za jengo letu hapa Alby, Swideni, Hervé, na chupa ya petroli mkononi na kipande cha mkate mdomoni, ukamwambia mama yako, "Narudi sasa hivi kula, usifunike chakula." Chakula hakikufunikwa. Kilipoa pale mezani.

Tunakuandikia mbele ya watu, kwenye ubao wa kanisa na kwenye simu zao, kwa sababu wewe hukupenda mambo ya kuficha. Ukipata kitu kizuri ulikuwa unaita nyumba nzima: "Njooni muone!" Basi na sisi tunaita watu waje waone. Mama yako ameomba hii isomwe na kila mzazi mwenye kijana anayefungua vyuma ndani ya nyumba.

Ulikuwa mpole. Asubuhi, ukitoka kwenda kazini Södertälje kwenye kiwanda cha malori, ulikuwa unafunga mlango polepole mpaka tusisikie. Mama yako alikuwa anajua umeondoka kwa kuona kikombe chako kimeoshwa. Jengo zima lilikusifu kwa hilo: mtoto wa Célestine mlango wake haugongi. Uliwabebea wazee mifuko ya sokoni, uliwatengenezea watoto wa watu minyororo ya baiskeli, na ukipewa asante uliona haya.

Halafu ukaleta moto.

Wenzetu wa Kenya na Tanzania wanasema pikipiki, lakini sisi watu wa Uvira, Kongo, tunaiita moto, na hilo neno ulilipenda kwa kumchokozea mama yako. Ulisimama mlangoni umebeba injini ndogo ndani ya gunia, mafuta meusi yanadondoka, ukasema, "Mama, nimekuletea moto ndani ya nyumba."

Mama yako aliruka kutoka kwenye kiti. "Toa! Toa nje!"

"Moto wa kupanda, mama. Si wa kuunguza."

Ulikuwa umeinunua pamoja na moto yake kwa mzee mmoja Mswidi, imelala bandani kwake miaka na miaka. Injini ilikuwa imekwama, pistoni imeshikana na silinda kwa kutu. Uliimwagia mafuta, ukaingoja, ukawa unaigonga kwa kipande cha mti, kidogo kidogo, kama mtu anayepiga hodi. Siku ilipoachia ulipiga kelele mpaka majirani wakadhani tumepata mjukuu.

Meza ya jikoni ikawa ya kwako. Skrubu ulizipanga kwenye trei ya keki ya Josiane, dada yako, kila moja kwenye kishimo chake, na ole wake atakayezigusa. Kuna siku mama yako alirudi kazini akakuta oveni inawaka. Akafurahi, akasema leo mtoto amenipikia. Kufungua, kasha la injini limelala mle kama kuku. Na kwenye friza, kati ya sombe ya majani ya muhogo na samaki wadogo wa ndakala, kuna beringi kwenye mfuko.

"Hervé, leo tunakula chuma?"

"Kasha likipata joto linapanuka, mama. Beringi ikipata baridi inasinyaa. Inaingia yenyewe, hata nyundo haihitajiki."

"Na sombe yangu?"

"Sombe nimeifunga vizuri, haina shida."

Papa yako alicheka mpaka akakohoa. Yeye Anastase alikuwa mekanisia, fundi wa moto kando ya barabara kule Uvira, na hapa Swideni hakuwahi kushika spana mpaka wewe ulipomwekea moja mkononi. Mlikaa mkisaga valvu, vichwa vimegusana. "Usiangalie," alikuwa anakuambia. "Sikiliza. Valvu ikikaa sawa mahali pake, sauti inabadilika." Na akakufundisha kama alivyofundishwa yeye: moshi wa bluu, ringi zimeisha, injini inakula mafuta, moshi mweusi, petroli imezidi, na ikiwa haina moshi, imepona.

Ni kweli. Mekanisia yeyote atakuambia hivyo hivyo. Kwa injini ni kweli. Kwa mtu aliyesimama pembeni yake, hapana. Hapo ndipo tulipopotea sote, na hatukujua kama tumepotea.

Mama yako aliogopa, lakini aliogopa ule moto mwingine, wa kuunguza. Aliweka ndoo ya mchanga karibu na jokofu. Aliificha mishumaa. Kila jioni alipita chumba hadi chumba akinusa petroli, wewe na Josiane mnamcheka. "Lugn, mamma," Josiane alikuwa anamwambia, yaani tulia. Hakutulia. Alilinda nyumba kwa pua yake. Kumbe kilichokuwa kinakuja hakina harufu.

Jumamosi ile kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Injini ulikuwa umeshaifunga kwenye fremu ya mbao kule chini, kwenye chumba kidogo cha baiskeli, ili usiendelee kupanda na kushuka nayo. Juu ya chumba hicho anakaa jirani yetu Roselyn, Mkenya, ambaye anahudumia wagonjwa usiku na kulala mchana. Ulikutana na Josiane kwenye ngazi ukamwambia, "Nitafunga mlango, tantine Roselyn alale." Ukaufunga, polepole, kama kawaida yako. Na koti lako ukaliweka chini ya mlango, kelele isitoke.

Ukamtumia papa yako video. Injini inaunguruma, wewe unacheka, mkono wako unaonyesha bomba la nyuma. "Papa, ona! Hata moshi hakuna!"

Papa yako aliibusu simu. "Imepona," alisema. "Célestine, imepona! Mwache aisikilize kidogo."

Josiane ndiye aliyeshuka kukuita ule. Mengine hatutayaandika.

Dada wa zimamoto alimweleza Josiane kwa Kiswidi, akataja neno kolos. Josiane akatafuta la kumwambia mama yake. Akaanza, akaacha, akaanza tena. "Mama, ni moshi. Lakini si moshi. Hauonekani. Haunuki."

"Moshi usioonekana ni moshi gani, Josiane? Nieleze vizuri."

"Mama, ni ile ya mbabula."

Hapo mama yako alikaa chini, sakafuni. Kwa sababu mbabula anaijua. Mwanamke gani wa Uvira hajui kwamba huingizi jiko la makaa ndani ukafunga mlango ukalala? Makaa yakiwa mekundu, safi, hayatoi moshi hata kidogo, ndipo yanapoua. Hilo tulilijua tangu utoto. Ila hakuna aliyetuambia kwamba injini ndogo, hata iliyotengenezwa vizuri na mikono mizuri, inatoa pumzi ile ile.

Kwenye matanga watu walisema, "Maskini, amekufa kwa moshi." Mama yako alikuwa akiwakatiza, mpaka wengine wakaona ukali. Hapana, si moshi. Moshi ungekukohoza, ungekuwashia macho, ungefungua mlango ukatoka ukitukana. Wewe ulikaa kwa sababu hakukuwa na moshi. Basi wenye watoto wasikie, kabla hawajasema Bwana alitoa, Bwana ametwaa: usiiwashe ndani. Si jikoni, si kwenye stoo, si kwenye gereji yenye mlango ulioachwa wazi nusu, hata kwa dakika, hata kama ni baridi. Kichwa kikianza kuuma, miguu ikilegea, usingizi ukija mchana, usijiulize, toka nje. Na ukimkuta mwenzio ameanguka mle, usiingie kumbeba kabla hujafungua milango na kuita watu. Josiane aliingia moja kwa moja. Naye alilala hospitali. Mama yako karibu azike wawili.

Tangu hapo nyumba yetu ina kengele ndogo nyeupe ukutani, ya kunusa kile ambacho mama yako hawezi. Kila asubuhi anaibonyeza ilie, aamini iko hai, ndipo anaweka chai. Watu wameanza kumwita Mama Josiane. Wanadhani wanamhurumia, wasilitaje jina lako. Yeye anaitika tu.

Injini yako ilirudishwa kwetu ikiwa imefungwa plastiki. Mama yako alitaka itupwe na vyuma chakavu. Papa yako aliirudisha chini kwenye chumba cha baiskeli. Aliifunika kwa kitenge, na tangu siku ile hakutamka tena neno injini. Josiane ndiye alikuwa anasema, "Kazi ya kaka haitaoza kule chini. Nitaifunga kwenye moto yake, nitaipanda."

"Utaipanda mimi nikiwa nimekufa."

"Men mamma..." alisema, yaani lakini mama.

"Hakuna men. Nimesema."

Mama yako akashuka na spana, akaifungua plagi, ile ya kutia cheche. Alikuwa amekuangalia muda mrefu, Hervé, ukifanya hivyo. Alijua bila plagi injini ni jiwe. Akaificha ndani ya ndoo ya maharage, katikati kabisa. Kila akipika maharage anaipapasa kwanza kwa vidole. Ipo. Basi anaweza kupumua.

Jumamosi iliyopita alikuwa jikoni anachambua mchele. Akaisikia.

Hakuna mama anayeisahau sauti hiyo. Alitia mkono kwenye maharage mpaka kwenye kiwiko, yakamwagika sakafuni, akaishika plagi. Ipo! Ipo mkononi mwake, na injini inalia. Wamenunua nyingine. Alishuka ngazi na kandambili, anamwita Josiane, anamwita papa yako, hakuna anayejibu. Akafika chumba cha baiskeli. Mlango umefungwa.

Tunataka mjue alivyosimama pale. Mkono kwenye kitasa, na kitasa ni cha baridi, na hawezi kukizungusha kwa sababu anajua kilichokuwa nyuma yake mwaka jana. Alivuta pumzi, akaubamiza mlango ukagonga ukuta.

Chumba kitupu. Fremu ya mbao haipo, kitenge kiko chini.

Sauti inatoka nje. Akatoka. Katikati ya uwanja, mbali na madirisha, kwenye theluji, papa yako amepiga magoti na koti lake la kanisani, sikio ameliinamisha kwenye silinda, anaisikiliza. Josiane amesimama nyuma yake na chupa ya petroli. Na kwenye bomba, kwa ile baridi, pumzi ya injini inatoka nyeupe, inaviringika, inapanda juu ya paa na kupotea. Kule chini haikuonekana. Hapa nje baridi ilikuwa imeivalisha nguo.

"Célestine," papa yako alisema bila kuinuka. "Unaiona?"

"Naiona. Sogea huku, Anastase, upepo unaileta kwako. Josiane, na wewe! Kichwa kinakuuma? Usinidanganye."

"Hakiumi, mama."

"Nilimwambia ikiwa haina moshi imepona," alisema papa yako. "Sasa nasema vingine. Hata ikiwa haina moshi, nje. Nje tu."

Ndipo dirisha la juu likafunguka. Roselyn alikuwa na kilemba cha kulalia, macho yamevimba kwa usingizi. Mama yako akaanza kumwomba msamaha, akamwambia Josiane, "Zima, zima, watu wamelala."

"Msizime!" Roselyn alipiga kelele. "Mama Hervé! Wewe, Mama Hervé, unanisikia? Wacha ilie! Mimi nishaamka. Nitalala kesho. Wacha ilie!"

Mama Hervé. Mwaka mzima hajaitwa hivyo. Alikaa kwenye theluji, plagi yako bado imo mkononi, akaisikiliza injini yako mpaka petroli ilipoisha yenyewe.

Hatujui kama Josiane ataipanda. Mama yako bado anaogopa, na ataogopa. Lakini mlango wa chumba cha baiskeli papa yako ameuwekea jiwe, usifungike. Na wewe unayesoma, kijana wa mtu, piga kelele. Amsha jengo zima. Wataamka, watakutukana, watalala tena. Usiwafungie mlango kwa ajili ya upole.

Wanaokukumbuka: papa yako Anastase; dada yako Josiane; tantine wako Emmanuella na watoto wake wa Södertälje; baba yako mdogo Cyprian na nyumba nzima ya Uvira; jirani yako Roselyn, ambaye siku hizi analala na dirisha wazi kidogo; na mimi, Mama Hervé.

Daima tutakukumbuka, mwanangu, milango ikiwa wazi.