Kondoo Asiyepigwa Sindano

Gatumba, Bujumbura
Jumatatu

Dada yangu mpendwa Agripina,

Shikamoo dada. Habari za Kasulu, habari za goti lako, na watoto je, bado wanagombania kitanda? Mvua imewafikia, au bado mnaitazama ikipita kwa majirani? Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo imechafuka, na nisipokuandikia wewe nitamtapikia mtu asiyehusika. Kaa vizuri basi, na kama unakula, maliza kwanza.

Kazi yangu unaijua: nachunga kondoo wa mzee mmoja tajiri anayekaa Musaga, ambaye sote tunamwita Patroni. Makubaliano yetu pia unayajua, kwamba mshahara ni mdogo lakini mwaka ukiisha napewa kondoo jike mmoja awe wangu. Nilimpata, yule mwenye doa jeusi puani, na sasa ana mimba. Tangu homa ilipolimaliza zizi lako, nimekuwa nikimtazama huyu nikijua ndiye atakayelianza upya. Kwa hiyo ninayokueleza hapa yaliniuma kuliko yanavyomuuma mchungaji wa kuajiriwa.

Mafuriko yalipopungua yalituachia tope zizini, na kwato zikaanza kuoza. Wewe umefuga, lakini sidhani umewahi kunusa kwato iliyooza kwa tope la huku. Ukiichokonoa kwa kisu kinatoka kitu cheupe kama uji uliolala, na harufu yake inakufuata mpaka kwenye sahani ya chakula. Na kondoo ndivyo Mungu alivyomuumba, halalamiki. Mbuzi akichomwa na mwiba mtaa mzima unajua. Kondoo anapiga magoti na kuendelea kula hivyo hivyo, hadi asubuhi moja unamkuta hainuki.

Alipoanza kuchechemea wa kwanza, nikampigia Patroni simu.

"Ni moja tu?" akauliza.

"Ni moja, Patroni, lakini hii ugonjwa inaambukiza."

"Apana, ngoja kwanza. Deplasema ya veterineri ni ileile, akuje kwa moja ao kwa kumi. Zikishakuwa mingi ndiyo tutamuita."

Deplasema ni nauli ya daktari wa mifugo, anayolipwa kwa kufika tu, kabla hajafungua hata mkoba. Ni ghali, sikatai. Lakini wewe umewahi kuona wapi mtu anangoja ugonjwa ujae, kama basi la stendi linavyongoja abiria? Mimi nilikuwa sijaona. Nilifanya nilichoweza. Nilinunua mrututu kwa fedha yangu, nikauyeyusha kwenye beseni, nikawa nawasimamisha humo mmoja mmoja mpaka mikono yangu ikawa ya bluu. Wangu nilimtenga, nikamlaza kwenye mabanzi makavu nyuma ya jiko la Furaha, mama wa Uvira anayetupikia. Haikusaidia sana. Naye akaanza kuinua mguu.

Daktari aliitwa nusu ya zizi ilipokuwa imepiga magoti. Alifika na Patroni, akavaa buti safi, na hakukanyaga tope hata kidogo; sisi ndio tuliombebea kondoo mpaka kwenye majani. Sindano ilikuwa moja kwa wote. Akishamchoma huyu anaifuta kwenye sufu ya anayefuata. Nilimwangalia nikasema moyoni, Filimoni, nyamaza, mradi wapone.

Wagonjwa wakaisha kuchomwa, na dawa ikabaki kwenye chupa. Nikamleta wangu. Patroni akanyoosha mkono.

"Ile si ya kwangu. Ni ya kwako."

"Lakini dawa imebaki, Patroni."

"Dawa nimelipa mimi, chupa muzima." Akamgeukia daktari. "Dokta, piga na zile zingine."

"Zile ziko muzima."

"Piga tu. Haiwezi kurudi mu mufuko yako."

Na akapiga, dada! Mtu aliyesoma, mwenye cheti ukutani, akachoma kondoo wazima mmoja baada ya mwingine, mpaka wana-kondoo wanaonyonya, hadi chupa ikakauka. Wangu alikuwa amesimama pale pale, mguu juu. Nikameza hasira, nikamuuliza daktari kwa adabu kwamba nikinunua dawa mimi mwenyewe, atamchoma huyu kwa kiasi gani.

"We ni propriyetere mwingine," akasema, yaani mwenye mifugo mwingine. "Iko na deplasema yake."

"Lakini si umeshafika, Dokta?"

"Kwa huyu nimefika. Kwa we, bado."

Furaha alicheka mpaka akakaa chini. "Mutu iko mbele yako na viatu yake, eti hajafika!" Mimi sikucheka. Nilitema mate, na ningetema tena.

Kabla ya kuondoka, daktari akaonya: "Zote zenye nimepiga, musichinje mpaka dawa itoke mu mwili. Mwezi muzima." Hapo ndipo nilipoona uso wa Patroni ukisinyaa. Jumamosi ilikuwa harusi ya binti yake, naye alishajisifu kwa wakwe kwamba watakula mifugo ya zizi lake. Tena wengi huku kondoo hawamtaki, kwa hiyo nyama ingechomwa brosheti, yaani mishikaki, na kuitwa mbuzi. Huo ni uongo mwingine, niuache. Sasa kwa ubahili wake ameshalichoma sindano zizi zima. Amebaki mmoja tu asiye na dawa mwilini, na unamjua ni nani.

Kesho yake akaja peke yake, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na jiko, sauti imelainika kama siagi.

"Filimoni, mutoto wangu." Hajawahi kuniita mtoto wake. "Ile kondoo ya kwako ndiyo iko safi. Nipe, nitakurudishia ingine."

"Ana mimba, Patroni. Na mguu unaoza."

"Mimba si kitu. Na mguu tutakata, tutupe."

 Jana hastahili tone la dawa, leo ndiye safi. Nikamwambia hapana. Akaondoka bila kuaga.

Nilidhani atanunua mbuzi. Hakununua. Ijumaa alileta wachinjaji, wakachukua wale wale waliochomwa. Nyama ya shingoni palipovimba kwa sindano wakaikata, wakawatupia mbwa, naye Patroni akasema, "Ingine yote ni muzima." Na mimi nikaazimwa shati jeupe, niende kugawa chakula.

Daktari alialikwa. Alikaa meza ya mbele pamoja na wakwe. Nilipompitishia sinia la brosheti akalisukuma taratibu, akachukua ndizi na wali. Nikarudi mara ya pili. Ndizi na wali. Naapa sikuwa nimepanga neno, ila muziki ulikuwa umekatika kidogo na kinywa changu kikafunguka chenyewe.

"Dokta, mbona haukule nyama? Ni zile kondoo ulipiga sindano juzi."

"Mi nafunga," akasema. Mkononi alikuwa na bia.

Mama wa bwana harusi akakiweka kijiti chake cha brosheti mezani. Jirani yake akauliza, "Kondoo?" Kisha wakaanza kuviweka wengine, meza kwa meza. Patroni alinishika shati nyuma ya hema, akaniambia nichukue uozo wangu wa kondoo niende na nisirudi.

Usinipigie makofi, dada. Sinia la kwanza lilikuwa limeshaliwa, na watoto ndio waliotangulia kula. Niliwagawia mimi kwa mkono huu. Hilo ndilo linalonichefua kuliko Patroni, na maji ya kunawa hayaliondoi.

Sasa niko nyumbani kwa Furaha. Kwato ya kondoo wangu inakauka kwa sakafu isiyo na tope, na anakanyaga chini miguu yote minne. Ili avuke mpaka kuja kwako Kasulu anahitaji karatasi ya daktari mwingine, na nitampeleka mimi mpaka mlangoni kwa huyo daktari, nisije nikaambiwa hajafika.

Nisalimie shemeji, na mama mkubwa anayekaa nawe, umwambie maombi yake nayahitaji wiki hii. Msalimie mjomba fundi seremala, aanze kutafuta mabanzi tuinue sakafu ya zizi. Wabusu watoto.

Kazi sina, na fedha iliyobaki inatosha nauli tu. Mshahara wangu wa mwaka mzima ndio huyu mwenye doa puani na aliye tumboni mwake. Tukifika, mpokee yeye kwanza. Mimi nitakaa nje ninawe.

Mdogo wako akupendaye,
Filimoni