Kuku Wawili wa Mwaka Sabini na Nne

Tomasi, nimekwisha. Nimetoka sasa hivi kwenye baraza la shirika langu la kimataifa, lile la kesi za wafanyakazi. Majaji wako Ulaya, tunaonana kwa video.

Si unajua wananistaafisha udereva kwa umri? Nikawaambia nilizaliwa sabini na nne, wiki ile ile ya kuhamishiwa kijiji cha ujamaa hapa Nyantakara. Shahidi ni mama.

Mama yangu mzazi, Tomasi.

Jaji akamuuliza siku ya kuhama nilikuwa wapi. Mama akaanza kunisifu: "Ndassa huyu? Alitembea kutwa nzima na kuku wawili mikononi, wala hakulia."

Kuku wawili. Mtoto wa wiki moja.

Jaji akaniuliza kama nina la kuongeza.

Mama akaongeza: "Na kuku wote walifika salama."