Mtoto Atazaliwa Huku, Mama

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Ujiji mmeamkaje? Kifua cha baba kimepata nafuu, au bado anakohoa na kukataa dawa? Sisi huku Bwiza, Bujumbura, ni wazima, na tumbo langu sasa linanitangulia mlangoni.

Mama, najua umeshapaka chokaa chumba changu cha zamani. Mimba ya kwanza mtu huzalia kwa mama yake, na safari hiyo nilikuwa nailalia na kuiamkia. Sitakuja. Kliniki walinipima damu wakakuta nina homa ya ini, ile ya B. Siumwi popote, wala macho hayajawa manjano. Ila naweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua, kwa hiyo lazima achomwe chanjo mara tu akizaliwa, na hospitali ya hapa wanayo. Nikishikwa na uchungu njiani, huko mpakani, nani atamchoma?

Mama mkwe aliposikia, alinitengea kikombe changu peke yangu. "Mi sikuchukie, mwanangu," alisema, "naogopa tu." Nililia jikoni. Mume wangu akampeleka kwa muuguzi, naye akamwambia: "Mama, iyi ugonjwa haipitake mu sahani. Inapitaka mu damu." Mume wangu mwenyewe amepimwa, hana, na amechanjwa. Sasa tunakula sinia moja, ingawa mama mkwe bado ananitazama ninavyomeza.

Muuguzi anasema huenda nilizaliwa nayo. Huenda pia ni ile sindano ya shangazi, iliyotutoboa masikio watoto wote wa mtaa. Sikulaumu, mama, wewe nani alikupima? Lakini nenda kapime, na wadogo zangu waende, hata kama hamuumwi. Ini huharibika kimya kimya.

Kisha njoo. Mama mkwe atanikanda kwa maji ya moto, najua, na mikono yake ni mizuri. Siyo yako. Nimekukumbuka mpaka uji wako wa pilipili manga naunusa usingizini.

Nisalimie baba, wadogo zangu, na shangazi; mwambie siku hizi kila sikio na sindano yake. Chumba usikifunge, tutakuja mtoto akipata nguvu. Ila siku anafumbua macho, mama, nataka akukute hapa.

Mimi mwanao, niliye Bujumbura kwa miguu tu,
Mariamu