Regyuleta ya Boti ya Mama

3 Machi

Kwa kitinda mimba wangu,

Hujambo mwanangu? Kazi inakwendaje? Sisi wazima, ila bega langu la kulia bado linagoma, na sasa injini ya boti imeliunga mkono. Betri inachemka mpaka inanuka mayai viza. Fundi anasema regyuleta imekufa, hakuna tena cha kuzuia chaji isizidi. Muuzaji wa vipuri alicheka, akasema kiwanda kiliacha kuitengeneza wewe ukiwa bado unanyonya.

Nimeichomoa isije ikapasuka, na bila betri ufunguo hauwashi injini. Inabaki kuiwasha kwa kuvuta kamba, na kamba bega halitaki. Mjomba wako ananivutia, lakini akishavuta anakalia usukani mbele ya abiria wangu bila hata kuniuliza. Mwanangu, boti inaniponyoka hivi hivi naiona.

Wewe unayetengeneza umeme wa pikipiki, nitafutie dawa. Maiti yenyewe ya regyuleta naifunga humu kwenye kifurushi. Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu unanikata kauli.

Mama yako

11 Machi

Mama, shikamoo,

Pole na bega. Sikukati kauli, unaongea mno. Maiti imefika. Nakutumia regyuleta ya pikipiki kubwa, nimeshaipima, inatosha kabisa. Nyaya mbili za njano ziunge na za njano za injini, mwekundu uende betri. Mwili wake ufunge kwa boliti kwenye chuma cha injini, maana umeme unarudia hapo. Injini ikinguruma, mita ya betri isome volti kumi na nne na kitu. Ikivuka kumi na tano, zima. Ile saa ya kuonyesha mizunguko ya injini haitacheza tena, lakini wewe huiangalii, unasikiliza kwa sikio.

Na mama, nakuogopea huko majini. Chumba changu cha pili nimekitandikia kitanda. Hii ikishindikana, mwachie mjomba boti uje tukae wote.

Binti yako

20 Machi

Binti yangu,

Nashukuru kujua u mzima. Habari za kitanda nimezisikia, nitazijibu.

Nimefunga kama ulivyosema, lakini mita inasoma kumi na mbili tu, injini iwake isiwake. Na asije mtu akasema nimelipua kazi. Pale pa kufungia palikuwa na kutu nyeupe, nikapapiga msasa, nikapapaka rangi mikono miwili, buluu ileile ya boti, nikaacha ikauke ndipo nikakaza. Mjomba wako kaisifu rangi. Kisha kawatangazia abiria kwamba kuanzia mwezi ujao nahodha ni yeye. Niliumia, mwanangu.

Mama yako

24 Machi

Mama wee, shikamoo!

Umepaka rangi! Umeme haupiti kwenye rangi, hata iwe nzuri vipi. Kosa langu, nakujua na sikukuonya. Kwangua pale pote regyuleta inapokalia, na chini ya vichwa vya boliti, mpaka chuma king'ae. Kaza. Kisha pakaa grisi kwa nje. Grisi, mama, siyo rangi.

Binti yako

2 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Natumaini hujambo. Mimi sijambo hasa.

Nilikwangua roho ikiniuma. Mita ikapanda kumi na nne na nusu, ikatulia hapo hata nikiongeza mafuta. Asubuhi abiria walikuwa wamejaa, mjomba wako yuko kwenye usukani, kamba mkononi. Nikazungusha ufunguo. Injini ikaitika mara moja! Nikamwambia, "Mdogo wangu, hebu nipishe." Akasogea akakaa na abiria, nami nikamdai nauli kama wenzake. Kalipa, kanuna mpaka ng'ambo.

Sasa kitanda. Sikufichi, jioni nyumba hii ni kubwa kwangu, na nakukumbuka sana. Nitakuja nikilalie wiki nzima, kisha nirudi kazini. Lakini anza kuja wewe. Ukifika ng'ambo, usipande boti ya mtu. Kaa hapo kwenye ngazi za gati unisubiri, nakuja kukuchukua mwenyewe.

Mama yako, nahodha